Usiifomati Kwanza: niliyoongea na mafundi na wenye steshenari wa Tanga kuhusu antivairasi inayogomesha kompyuta

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi mdogo pale Chumbageni, wengi mliomba niyaandike basi nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, na palipoulizwa swali nimeliingiza humohumo.

Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, wazee wangu shikamooni, vijana habari za asubuhi. Nashukuru mmekuja, najua Jumamosi ndo siku ya wateja, kuna watu wamefunga duka kabisa Makorora na Mikanjuni, na kuna mdogo wangu pale nyuma kaniambia katoka Muheza na gari ya alfajiri, kwa hiyo sitawapotezea muda, naingia kwenye jambo lenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na meza yangu Ngamiani, akaja mama mmoja mweka hazina wa kikundi cha vikoba, laptopu kaifunga kwenye kanga ameibeba kifuani kama mtoto. Tukaiwasha. Alama ya Windows ikatokea, vile vidoti vikaanza kuzunguka, vikazunguka, alafu skrini ya bluu, ikajizima, ikajiwasha, vidoti tena, bluu tena. Nikamuuliza mama mara ya mwisho ilitumikaje, akasema jana mwanangu aliniwekea antivairasi nyingine maana ile ya mwanzo ilikuwa kila saa inaniambia muda wake umeisha. Sasa sikilizeni, jibu lote lilikuwa kwenye sentensi hiyo moja, kanipa mkononi kabisa, na mimi sikulisikia. Nikachomeka flashi nikapiga Windows, yaani nikafomati, nikafuta diski yote nikaweka Windows upya. Haikufika hata saa nzima mashine ikawa inawaka inang'aa, nikampigia simu akaja na furaha, akalipa, akafungua, akaniuliza mwanangu, ile Excel ya michango iko wapi.

Hakunitukana. Alikaa kwenye kile kiti changu cha plastiki akaanza kuhesabu kwa vidole, fulani alikopa laki mbili, fulani karudisha nusu, fulani sijui, fulani sijui. Miaka mitatu ya pesa za akina mama wenzake, na mimi ndo niliyeifuta, siyo kirusi wala umeme, mimi. Na diski yake ilikuwa nzima kabisa! Windows yake ilikuwa nzima! Kilichokuwa kinagoma ni draiva moja ya antivairasi, kifaili kimoja kidogo kilichokaa mlangoni.

Ndo maana nimewaita. Hapa mjini kwetu mashine ikigoma kuwaka mkono wa fundi unakwenda kwenye flashi ya Windows kabla hajauliza chochote, na mimi naomba tuliache hilo, naliomba kwa moyo wangu wote, kwa sababu mashine nyingi tunazozifomati wala hazijafa.

Sasa tuelewane kwanza antivairasi inafanyaje mpaka inazuia kompyuta nzima. Chukulia geti la bandari yetu hapa. Mlinzi anafika alfajiri kabla ya karani, kabla ya makuli, kabla ya mkubwa yeyote, kwa sababu kazi yake ni kumkagua kila anayeingia, akichelewa yeye mwizi kashapita. Sasa siku mlinzi huyo akianguka palepale getini, na geti ni moja, hakuna kuli atakayeingia wala karani, bandari yote imesimama, wakati huohuo meli iko salama gatini na mzigo uko salama ghalani. Antivairasi ndo hivyohivyo. Ile unayoiona chini kwenye kona ya skrini, kile kialama, hiyo ni sura tu, kazi yenyewe inafanywa na draiva zake, mafaili yanayoishia na .sys yaliyokaa kwenye folda ya Windows, System32, drivers. Draiva hizo zinapakiwa mwanzoni kabisa, kabla hujaona hata sehemu ya kuandika neno la siri, na zinakaa kwenye kerneli yaani chumba cha ndani kabisa cha Windows.

Word ikikosea Windows inaifunga Word peke yake, wewe unaendelea na muziki wako. Lakini draiva iliyoko kerneli ikigusa memori isiyo yake hakuna wa kuidaka, kwa hiyo Windows inajisimamisha yenyewe makusudi, isije ikaandika takataka kwenye diski. Ile skrini ya bluu ni breki. Na kwenye Windows 11 za karibuni wameibadilisha imekuwa nyeusi, kwa hiyo mteja akikwambia skrini yangu imekuwa nyeusi ina maandishi usikimbilie kusema kioo kimekufa, soma maandishi.

Hili siyo la Tanga tu. Wengi mnakumbuka Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani inaitwa CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake ya ulinzi, kwa saa zetu ilikuwa saa moja na dakika tisa asubuhi. Waliligundua tatizo wakalirudisha saa mbili na dakika 27, dakika 78 tu, lakini mashine kama milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft zilikuwa zimeshalipokea, ndege zimelala viwanjani, hospitali zimerudi kwenye makaratasi, mabenki, televisheni. Na Microsoft wenyewe wakasema hizo ni chini ya asilimia moja ya mashine zote za Windows. Kosa lenyewe lilikuwa nini? Programu ilikuwa imeandaa vitu 20 vya kusoma, faili jipya likaiambia isome na cha 21. Ni sawa na karani mwenye orodha ya watu 20 unamwambia amwite wa 21, atasoma nini hapo, atasoma ukutani. Draiva ikasoma pasipo pake, Windows ikapiga breki, na kwa kuwa draiva hiyo ni ya kupakiwa mwanzoni, mara nyingi ukiwasha inarudia kosa lilelile kabla mtandao haujapatikana wa kuleta dawa.

Na dawa ilikuwa nini? Hapa ndo nataka muweke akilini. Haikuwa kufomati! Ilikuwa kuingia sefu modi, yaani kuiwasha Windows na vitu vyake vya lazima tu, kwenda kwenye folda ya CrowdStrike ndani ya drivers, kufuta faili linaloanza na C-00000291, kuwasha tena. Basi. Ila ilibidi mtu aende kwa miguu kwenye mashine nyingi, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Yaani siku ile dunia nzima ilikuwa inafanya kazi ya fundi wa Ngamiani, na waliokuwa na subira waliokoa kila kitu.

Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 21 Aprili 2010 antivairasi ya McAfee ilipokea sasisho namba 5958, ikaliona faili la Windows XP linaloitwa svchost.exe kuwa ni kirusi ikalikamata, mashine zikawa zinajiwasha na kujizima na mtandao zimepoteza. Januari 2018 tena, Microsoft walipotoa marekebisho ya lile tatizo la prosesa lililoitwa Meltdown, waligundua baadhi ya antivairasi zinagusa kerneli kwa njia zisizoruhusiwa, zikikutana na marekebisho yale mashine inaanguka, basi wakaamua sasisho lisishuke kwenye mashine mpaka antivairasi yake iweke alama kwenye rejistri, yaani lile daftari la ndani la mipangilio ya Windows, kwamba mimi niko tayari. Sasa nyie mnaowawekea wateja antivairasi ya kukraki ya miaka mingi isiyosasishwa, alafu Windows inaendelea kujisasisha, fikirieni hapo mnatengeneza nini.

Tuje kwenye kazi.

Mteja kaleta mashine, kabla hujagusa chochote muulize. Kuna antivairasi umeweka au umetoa juzi? Kuna mbili? Umeme ulikatika ikiwa inasasisha? Hilo la umeme sisi tunalijua, umekatika katikati, draiva mpya imeandikwa nusu, ya zamani imeshaondolewa. Muulize pia, vitu vyako muhimu viko wapi kwenye hii mashine. Andika kwenye daftari. Ni dakika tatu tu hizo.

Alafu soma kosa. Kwenye ile skrini mara nyingi kuna jina, na mara nyingine kuna jina la faili lenyewe la .sys, ukiliona jina hilo lipige picha na simu, lina maana kubwa. Kama inajizima haraka mno huwahi kusoma, kwenye ile orodha ya kuwashia inayoitwa Startup Settings namba 9 inazuia isijiwashe yenyewe baada ya kuanguka, basi inatulia unasoma taratibu.

Orodha hiyo unaifikaje? Mashine ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo Windows yenyewe inakuletea skrini ya kurekebisha, na ukiona haileti, zima kwa kubonyeza na kushikilia kitufe cha kuwashia wakati vile vidoti vinazunguka, rudia mpaka ilete. Ikikataa kabisa chomeka ile flashi yako ya Windows, ndiyo ileile ya kufomatia, ila safari hii usibonyeze Install, bonyeza Repair your computer, au shika Shift na F10 dirisha jeusi la amri linafunguka, ila kwa njia ya flashi orodha ile ya namba haiji, unapata zana nyingine za kurekebisha. Flashi ileile inaua na inaponya, inategemea unabonyeza wapi.

Kwenye orodha hiyo kuna namba 4 sefu modi, na kuna namba 8 ambayo mafundi wengi hawajawahi kuigusa, hiyo inazima ile antivairasi inayoanza mapema kabisa, kwa kuwasha mara hiyo moja. Jaribu 8 kwanza. Mashine ikiwaka kwa 8 na bila 8 inagoma basi umeshamjua mgonjwa wako ni nani, hukuhitaji hata kushika bisibisi. Ikishindwa nenda 4. Sefu modi inaziacha nje draiva nyingi za watu wa nje, siyo zote maana antivairasi nyingine zinajiandikisha mpaka humo, lakini mara nyingi inakubali, ukishaingia itoe antivairasi kwa kile kifaa cha kuondolea ambacho kampuni nyingi za antivairasi zinakitoa bure, maana ile njia ya kawaida ya kuondoa programu ndani ya sefu modi mara nyingi inakataa.

Kaka mmoja hapa kauliza, na kurudisha nyuma je, ile System Restore? Ndiyo, na ingefaa niitaje mapema. Kama ilikuwa imewashwa na kuna tarehe ya kabla ya tatizo ijaribu, haifuti mafaili ya mtu, inarudisha mafaili ya mfumo na rejistri. Tatizo laptopu nyingi tunazoletewa, hizi za mtumba, unakuta imezimwa.

Sasa nikiwa nimekwama kote, sefu modi imegoma, ndo naingia kwenye lile dirisha jeusi, na hapa nataka niende polepole kwa sababu hapa ndo nilipoumia mara ya pili.

Ilikuwa kompyuta ya steshenari, barabara zetu zile za namba, mwenye duka anasajili vijana maombi ya mkopo wa chuo na siku zilikuwa zimebaki chache dirisha kufungwa, fomu zilizoskaniwa ziko humo, vyeti vya watu, kila kitu. Skrini ilikuwa inataja jina la draiva ya antivairasi waziwazi. Nikasema leo sifomati, leo mimi mjanja. Nikaingia kwenye dirisha jeusi nikaifuta ile .sys, del, nimemaliza. Nikawasha. Kosa jipya, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, namba 0x7B, yaani Windows inasema diski yangu siioni. Nikatoka jasho. Nikajua nimeua.

Sikuua. Nilichokifanya ni nimemuondoa mlinzi getini lakini jina lake limebaki kwenye kitabu cha zamu, na kitabu kinasema bila huyu kufika geti lisifunguliwe. Antivairasi ile ilikuwa imejiandika kwenye rejistri kama kichujio cha diski, kwamba kila kinachosomwa kwenye diski kipite kwangu kwanza, Windows ikaenda kumtafuta haimuoni, ikakataa kuifungua diski. Usiku ule nilijifunza kuwa usifute faili kabla hujafuta jina.

Na ili kufuta jina unafanya hivi. Kwenye dirisha jeusi kwanza tafuta Windows yako iko herufi gani, maana humo ndani C inaweza ikawa siyo C, mara nyingi unaikuta D, andika dir D:\ uone kama folda ya Windows na Users zipo. Ukishaiona nakili kwanza ile rejistri yenyewe, copy D:\Windows\System32\config\SYSTEM D:\SYSTEM.bak, ili ukikosea una pa kurudi, usiruke hatua hii hata kama mteja anakugongea meza. Alafu andika regedit, rejistri inafunguka, bonyeza HKEY_LOCAL_MACHINE, nenda File, Load Hive, lichague lile faili la SYSTEM la kwenye D, lipe jina lolote, mimi huwa naliita MGONJWA. Hapo sasa rejistri ya ile mashine iliyogoma umeifungua kama mgonjwa kitandani huku yeye kalala.

Ndani yake kuna Select, angalia Current, ikiwa 1 basi unafanya kazi kwenye ControlSet001. Ingia Services, tafuta jina la draiva, lile ulilopiga picha. Kuna kitu kinaitwa Start. Ikiwa 0 maana yake inapakiwa mwanzo kabisa pamoja na Windows yenyewe, 1 inafuata muda mfupi baadaye, 2 inajiwasha baadaye, 3 mpaka iitwe, na 4 ni imezimwa. Unaweka 4. Hujafuta kitu, umemwambia leo pumzika, na kesho ukitaka kumrudisha unaandika namba ya zamani, kwa hiyo iandike kwenye daftari kabla hujaibadilisha.

Hujamaliza. Rudi ControlSet001, Control, Class, humo kuna makundi ya vifaa yenye namba ndefu za kutisha, unayoyataka ni la diski linaloanza na 4D36E967 na la volyumu, yaani sehemu za diski kama C na D, linaloanza na 71A27CDD, na kila moja linaweza kuwa na orodha inaitwa UpperFilters au LowerFilters. Fungua uone kama jina la antivairasi limo. Likiwemo toa jina hilo peke yake, mstari huo mmoja. Jamani msifute orodha nzima! Kwenye diski utamkuta partmgr, kwenye volyumu utamkuta volsnap na fvevol, hao ni watu wa Windows, ukiwafukuza umejitengenezea 7B nyingine mwenyewe. Nimeona video zinawafundisha watu futa UpperFilters yote, hiyo ni kwa tatizo la sidii za zamani, kwa diski usithubutu.

Ukimaliza rudi kwenye MGONJWA, File, Unload Hive, funga, washa. Kompyuta ya yule ndugu wa steshenari iliwaka, nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa tungu imeshapoa mkononi, vidoti vikazunguka vikaacha, ikaja picha ya mwanawe kwenye skrini. Fomu zote zilikuwepo. Vijana wale waliomba mkopo wao.

Kuna dada hapa kaniuliza, je, kibodi? Kwamba aliondoa antivairasi mashine ikawaka vizuri lakini kibodi ya laptopu haiandiki hata herufi. Ni jambo hilohilo dada yangu, antivairasi nyingine zinajiweka kuwa kichujio cha kibodi ili kulinda unapoandika namba za benki, kundi lake linaanza na 4D36E96B, utaona jina limebaki pale juu ya kbdclass, toa hilo, acha kbdclass. Mafundi wameshabadilisha kibodi nzima kwa tatizo hili, mteja kanunua kibodi mpya na bado haiandiki.

Sasa jambo la BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski, hili lisikilizeni vizuri kwa sababu ndo litawapata zaidi huko tuendako. Laptopu za Windows 11 mtu akiingia na akaunti ya Microsoft, nyingi zinajifunga diski kwa siri bila yeye kujua. Ukiingia kwenye kurekebisha inakudai namba, tarakimu 48. Bila hizo hakuna D, hakuna rejistri, hakuna chochote, na hakuna fundi wa Tanga wala wa Dar wa kuzipita. Mwaka 2024 siku ile ya CrowdStrike mashirika mengi walikwama hapo. Namba hizo mara nyingi ziko kwenye akaunti ya Microsoft ya mteja, aingie kwa simu yake aka.ms/myrecoverykey, na skrini inakuonyesha kitambulisho cha funguo ili msichanganye kama ana mashine mbili. Mimi sasa hivi kila laptopu inayopita mezani kwangu ikiwa nzima namwambia mwenyewe tuitafute namba hii leo, aiandike kwenye karatasi, karatasi aiweke pamoja na hati ya nyumba na vyeti vya watoto. Isikae ndani ya laptopu hiyohiyo! Mtu alinionyesha kaihifadhi kwenye desktopu yake, nikamwambia ndugu yangu umefungia funguo ndani ya sanduku.

Na kama yote yamegoma, umechoka, mteja anataka mashine leo? Sawa, kufomati kupo, sikatai, lakini toa vitu vya mtu kwanza. Kwenye lile dirisha jeusi andika notepad, inafunguka, nenda File, Open, chini badilisha ionyeshe mafaili yote, umepata njia ya kuona mafolda, bonyeza kulia unakopi unapesti kwenye flashi au diski ya nje, haionyeshi ikiwa inakopi kwa hiyo tulia usichomoe. Au washa na flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows, ile ya kujaribu bila kuisakinisha, ni nyepesi zaidi. Documents, Desktop, Downloads, na muulize mteja folda zake mwenyewe maana wengine wameweka kwenye D, wengine moja kwa moja kwenye C. Mpigie simu asome majina wewe unatafuta. Mama yule wa vikoba angepigiwa simu moja tu.

Mzee wangu pale mbele kauliza swali la msingi, kwa hiyo tuache antivairasi? Hapana mzee, flashi zinazozunguka steshenari zetu mnazijua wenyewe, kila mtoto wa chuo anakuja na flashi imejaa shotikati. Ulinzi lazima. Ila uwe mmoja. Windows 10 na 11 zina Defender ndani, bure, inajisasisha, na ukiweka nyingine yenyewe inakaa pembeni. Mbili za nje kwa pamoja ni walinzi wawili wanaogombania geti moja, kila mmoja anamuona mwenzake ndo mwizi. Mtu anayetaka ya kulipia alipie ya kweli, na ile ya zamani itolewe kabisa kwa kifaa chake na mashine izimwe iwashwe kabla mpya haijaingia. Na ukiuziwa laptopu ya mtumba ina antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda, itoe siku hiyohiyo, usisubiri.

Microsoft nao tangu ile Julai wamekuwa wakikaa na kampuni za ulinzi ili kazi yao ihamie nje ya kerneli, na Windows 11 imeletewa njia ya mashine iliyogoma kutafuta dawa yenyewe kwenye mtandao. Ni jambo zuri nalifurahia. Lakini mashine zitakazoletwa kwetu miaka mingi ijayo ni zile za zamani, Windows 10 ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 7 bado ziko ofisi nyingi tu. Hizo ni zetu.

Sasa mezani pale kuna laptopu tatu, moja ni ya mwalimu wa hapa mjini, mwenyewe karuhusu, ina matokeo ya wanafunzi ya muhula mzima na imekaa kwenye skrini ya bluu tangu Jumatano, jina la draiva linasomeka. Sijaigusa bado. Namba 48 kaziandika kwenye karatasi hii hapa. Wewe mdogo wangu uliyetoka Muheza, njoo ukae kwenye kibodi, wengine zungukeni mezani, na mmoja ashike daftari aandike kila tunachobadilisha.